Mjadala: Marekani wakipunguza kodi, pengo la bajeti linazibwa na nani?

Mwanahesabu
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana wengi wetu tunaishi Marekani au tuna jamaa huko. Sheria ya kodi aliyoitia saini Rais Trump tarehe 4 Julai 2025 imeifanya ya kudumu sehemu kubwa ya unafuu wa kodi wa mwaka 2017 uliokuwa ukielekea kwisha, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa itaongeza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, kwa takriban dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Watetezi wake wanasema uchumi utakua na mapato yatarudi yenyewe. Siwaamini. Mwaka 2017 kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21, na makusanyo yake yakaanguka kutoka dola bilioni 297 hadi bilioni 205 katika mwaka wa fedha uliofuata. Kuhusu ile kodi mpya ya kutuma fedha nyumbani iliyomo katika sheria hiyo na inayopigiwa kelele, hiyo ni tone tu, tusipoteze muda nayo.

Mzee wa Pangani
Kijana, umeikatisha hesabu yako mwaka 2018 kwa makusudi. Kufikia 2022 makusanyo hayohayo yalikuwa yamevuka bilioni 400. Tatizo la Marekani ni matumizi: wazee wanaongezeka, pensheni na matibabu yao hayapunguziki, na hakuna mwanasiasa anayethubutu kuyagusa.

Mama Zuhura, Columbus
Nayaacha ya trilioni kwa wenyewe, lakini neno "tone" limenichoma. Mwezi Januari nilisimama dirishani kwa wakala wa kutuma fedha nikiwa na dola 300 taslimu za dawa za mama yangu aliyeko Lamu, na risiti ikatoka ikiwa na dola 3 za kodi juu ya ada niliyoizoea. Fedha ile ilikwisha kukatwa kodi kwenye mshahara wangu wa kusafisha maofisi usiku. Anayeiita tone hajawahi kuhesabu sarafu mbele ya foleni.

Mpemba wa Muscat
Pole sana, dada yangu. Lakini mbona tuliambiwa ni asilimia 5?

Mwanahesabu
Asilimia 5 ilikuwa kwenye rasimu ya kwanza. Baraza la Wawakilishi likaipunguza hadi 3.5, na Seneti ikaishusha hadi 1. Tena anatozwa anayelipa kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hati ya malipo ya aina hiyo. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko hatozwi. Mama Zuhura, fungua akaunti, jambo litakwisha. Na wewe, Mzee wangu, sikukatisha hesabu kwa makusudi. Makusanyo ya 2022 yalibebwa na mfumuko wa bei na faida kubwa za makampuni baada ya korona. Huwezi kuyahesabu kuwa matunda ya sheria ya 2017.

Mama Zuhura, Columbus
Mwanangu, akaunti ninayo. Mwajiri wangu wa pili ndiye anayelipa taslimu, na zamu yangu inaanza benki zikiwa zimefungwa. Usinifundishe kuishi, nijibu kuhusu lile neno "tone".

Mzee wa Pangani
Hapo namuunga mkono mama huyu. Kodi hiyo ilikadiriwa kuingiza takriban dola bilioni 10 kwa miaka kumi, kiasi kisichofikia hata theluthi ya asilimia moja ya nakisi uliyoitaja. Kama haizibi pengo, iliwekwa ya nini?

Mwanahesabu
Mzee, hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo! Pengo linazibwa kwa hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali inawauzia wawekezaji, na hatifungani zina riba. Katika mwaka wa fedha 2024 serikali ya Marekani ilitumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko ilizotumia kwa ulinzi. Mara ya mwisho bajeti yao kuwa na ziada ni kati ya 1998 na 2001, baada ya kodi za matajiri kupandishwa mwaka 1993.

Mzee wa Pangani
Na baada ya matumizi kubanwa. Usiliruke hilo.

Mama Zuhura, Columbus
Neno "tone" bado halijafutwa, Mwanahesabu. Nalisubiri.

Mwanahesabu
Nimelifuta, mama, na ninakuomba radhi. Ni kodi ya kweli, inayolipwa na mtu wa kweli.