Kama wokovu ni bure, kadi ya ahadi ni ya nini?

Boda Rangi Tatu

Bwana Yesu asifiwe wakuu, na ndugu zangu Waislamu mliopo humu nawasalimu pia.

Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Mbagala Rangi Tatu. Pikipiki ni ya mkataba: nampelekea tajiri 10,000 kila siku, Jumapili napumzika, mpaka zitimie siku 400. Hapo ananikabidhi kadi ya pikipiki na chombo kinakuwa changu. Nimebakiza siku 61. Mvua ikinyesha kutwa nzima na hesabu isitimie, tajiri hataki kusikia habari za mvua. Simlaumu, tuliandikishana.

Sasa shida yangu. Mtoto wetu wa pili ana miezi minane, hajabatizwa. Nilipokwenda kumwandikisha, mzee wa kanisa akafungua daftari, akaomba kadi yangu ya ahadi ya jengo, ile tunayojaziwa michango ya ujenzi tuliyoahidi, akakuta mapengo ya miezi 7. Akasema, "Baba, tumalize kwanza hili, habari ya mtoto tutaongea." Kanisa silitaji, na huyo mzee si mtu mbaya, baba mkwe alipofariki alilala matangani kwetu siku tatu. Lakini nilitoka pale kichwa kinachemka, maana Jumapili ileile mchungaji alikuwa ametusomea Waefeso 2:8, "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Na makofi tukapiga.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mama mkwe ni Msabato, anasema kadi si tatizo, tatizo naendesha Jumamosi. Shemeji yangu wa Chanika ni mlokole, kwake mke wangu akisuka rasta tu keshapotea. Kila mtu ananidai hesabu yake. Naomba kuuliza: kama deni lililipwa msalabani, hizi sheria zinafanya kazi gani? Wenye matusi yawekeni akiba, mtayatumia kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Mkorofi wa Keko

Mkuu lipa ahadi. Mfuko wa saruji haununuliwi kwa Waefeso.

Bibi Mwalimu

Marahaba mjukuu wangu, hata kama hukunisalimia. Nimefundisha Shule ya Jumapili hapa Kigogo tangu watoto wangu wadogo, na sasa nafundisha wajukuu wao.

Mchango wa jengo ni makubaliano ya watu wanaotaka paa. Wewe unakaa chini ya paa hilo, kwa hiyo toa, usijifiche nyuma ya neema. Ila ubatizo si risiti ya mchango, na hapo mzee wenu amekosea. Nenda kwa mchungaji mwenyewe, usiishie mezani kwa mwenye daftari.

Haya, sheria. Wagalatia walikuwa wameshaamini, wakaja watu wakawaambia bado, mpaka mtahiriwe. Jambo hilohilo lilikaliwa kikao Yerusalemu, soma Matendo 15, Petro anawauliza mbona mnawatwika watu kongwa ambalo hata baba zetu liliwashinda. Lakini angalia, Paulo hakusema torati ni mbaya. Anasema ni "kiongozi kutuleta kwa Kristo", Wagalatia 3:24. Neno la Kigiriki pale ni paidagogos, na huyo hakuwa mwalimu. Alikuwa mtumwa wa nyumbani, kazi yake kumpeleka mtoto wa bwana wake shule na kumrudisha, na kumkemea akicheza njiani. Mfikirie yule dada wa basi la shule anayeshuka asubuhi kumvusha mtoto barabara. Anamshika mkono kwa nguvu mpaka mtoto analia. Yupo sahihi, magari yanapita! Lakini mtu wa miaka thelathini akivushwa hivyo kwenda kazini tutamshangaa. Na akisema kwa kuwa sishikwi tena basi nitalala katikati ya lami, huyo naye tutamshangaa. Hilo la pili ndilo Paulo analolikataa kwenye Warumi 6.

Msabato wa Temeke

Naomba nimtetee mama mkwe wako, japo si kwa yote. Kanisa letu halifundishi kwamba Sabato inaokoa. Wokovu ni kwa neema, na amri tunazishika kwa kuwa tumeokolewa. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri hata moja, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Walitolewa kwanza, amri wakakuta Sinai. Ila nakiri, wapo wenzetu wanaoihubiri Jumamosi kama trafiki aliyejificha na tochi kichakani, na inawezekana mama yetu alifundishwa na mmoja wao.

Jumuiya ya Ukonga

Mimi Mkatoliki, nacheka kidogo. Mnajua ugomvi wa Martin Luther, yule mtawa Mjerumani ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, ule wa 1517 ulihusu nini? Jengo! Rehema, yaani kuondolewa adhabu ya dhambi, zilikuwa zinatangazwa kwa pesa Ujerumani, sehemu ikaenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma, nyingine ikaenda kulipa deni la askofu mkuu Albrecht. Kwa hiyo hilo daftari lina ukoo mrefu, na upande wetu tulilishika kwanza.

Lakini walokole wa humu wanaopenda kusema "imani peke yake", maneno hayo kwenye Biblia yapo Yakobo 2:24, na yametanguliwa na "si". Luther mwenyewe waraka ule ulimkera, akauita wa majani makavu. Baadaye watu walikaa wakasikilizana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yetu, na matendo mema yanafuata. Tofauti zipo bado, ila ukimkuta mtu anakwambia Mkatoliki ananunua mbingu, mwambie amechelewa gazeti.

Boda Rangi Tatu

Nimerudi. Shikamoo bibi, nisamehe. Alhamisi nilimwona mchungaji. Amesema mtoto aletwe Jumapili ya pili ya mwezi, na mapengo yangu ni yangu, nitayaziba kadiri ninavyopata. Mzee wa kanisa amenuna lakini mkono amenipa.

Kilichonikaa ni kingine. Nimegundua ile kadi ya ahadi nilikuwa naipenda, kama ninavyopenda hesabu ya tajiri. Ukimpelekea tajiri hesabu kamili, una mdomo. Chombo kikigoma unamwambia nunua pistoni, na ananunua. Mwaka jana huyu mkubwa wangu alipolazwa na malaria, niliomba usiku kucha nikimhesabia Mungu sadaka zangu, kama mtu anayeonyesha mkataba. Sasa mkiniambia sina nilichompelekea, nitasimama mbele yake kwa mdomo gani? Nimesoma ule mstari wa 9, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Huo siku ile hatukuupigia makofi. Bibi, hapo unasemaje?

Bibi Mwalimu

Hapo na mimi ndipo nilipokaa, mjukuu wangu, na nina miaka 71. Mlete mtoto. Na mapengo uzibe.