Masomo ya Kijapani yaliyo tayari kwa shule: mnaanzia wapi?

MwlZamu: Wakuu, salaam. Nimepewa Kijapani kama somo la ziada, wanafunzi wa miaka 13 na 14, vipindi viwili kwa wiki. Mimi mwenyewe niko N4, ngazi ya pili kutoka chini kwenye mtihani wa Kijapani wa JLPT. Nataka sauti na karatasi za mazoezi za kuchapa na kuingia nazo darasani, maana muda wa kuandaa kila kitu sina. Mtandaoni vimejaa hadi nachanganyikiwa. Nishike kipi?

Kaji_88: Kitabu cha Irodori cha Japan Foundation, taasisi ya Japani ya kueneza lugha na utamaduni. PDF na sauti unapakua bure, na ngazi ya kuanzia ina masomo 18. Maliza hapo.

BiKaruta: Kaji, usimalizie hapo kwanza. Irodori ni nzuri ila imeandikwa kwa watu wazima wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani. Mtoto wa miaka 13 mambo ya kazini yanamhusu nini? Mimi nachukua sauti za salamu, chakula na ratiba ya siku, mengine naruka bila huruma. Kwa umri huo ongeza video za Erin, za Japan Foundation hao hao: msichana mgeni anasoma sekondari huko Japani. Sare, madarasa, marafiki. Hapo wanatega masikio wenyewe.

Sasa karatasi za kana, zile herufi za silabi za Kijapani. Mwalimu, kabla hujachapa, itazame herufi さ. Kwenye fonti nyingi za kompyuta mkunjo wa chini umeshikana na mstari wa juu, lakini ukiandika kwa mkono kalamu huinuliwa hapo na pengo hubaki. き nayo vivyo hivyo. Mtoto ananakili anachokiona, kisha wewe unashinda unasahihisha kosa la printa. Tafuta karatasi zenye fonti ya kyokasho, ile ya vitabu vya shule, au uzitengeneze mwenyewe: ukiongeza Kijapani kwenye Windows 10 utaikuta UD Digi Kyokasho.

Na karatasi yenye romaji (Kijapani kwa herufi za Kilatini) chini ya kila herufi usiiguse. Anayejua Kiswahili anaisoma romaji kama maji, irabu ni zile zile tano, kwa hiyo macho hayapandi juu kwenye kana hata siku moja.

Tumsifu_T: NHK World nao wana masomo ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili. Yanafaa kusikiliza nyumbani.

MwlZamu: Asante sana Bi. Nimefungua karatasi nilizokuwa nimepakua, さ zote zimeshikana! Hiragana 46, zile kana za kuanzia, niziendeshe kwa kasi gani? Mkuu wa shule anataka ziishe haraka.

BiKaruta: Safu moja kwa kipindi, herufi tano, dakika kumi za mwanzo basi. Kipindi kinachobaki wasikilize na waongee. Zikifika safu tatu, kata kadi, zitandaze mezani, wewe tamka, wao wagombee kuokota. Kadi za kuchapa zipo tele, fonti ni ile ile niliyosema. Wakifika は, herufi ya ha, kwenye "watashi wa" (yaani "mimi..."), watakuuliza kwa nini hapo inasomwa wa. Waambie ndivyo inavyoandikwa, songa mbele. Mkuu akikusumbua, mwite aje acheze na watoto, aone nani anaokota nyingi.

Kaji_88: Bi, hizo kadi zako ungetuwekea hapa.

BiKaruta: Jioni, nikitoka kusahihisha.