Kadi ya kliniki ya mtoto na shule za huku

Salaam wanajumuiya. Mwanangu ana miaka minne, kachanjwa surua Dar akiwa na miezi 9, tena miezi 18. Shule hapa Minneapolis, Marekani, wanasema ile ya kwanza haihesabiki. Bibi yake kakasirika, anasema tunamjaza mtoto dawa. Wataalamu mpo?

——

Dada, kwanza niamkie bibi. Mimi kazi yangu ni kinga ya mwili, na swali hili huja kila Agosti.

Kliniki ya Dar haikukosea. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo huwahi kukiua kirusi dhaifu cha chanjo kabla mwili wake haujakijua. Ukimchanja kwa miezi 9, watoto kama 85 kati ya 100 hupata kinga. Akitimiza mwaka, wanapita 90. Nyumbani hawangoji kwa sababu surua bado inazunguka na inaua wachanga. Marekani ilitangaza mwaka 2000 kwamba imekomesha maambukizi ya mfululizo, basi ikajipa nafasi ya kungoja.

Ile ya miezi 18 wataikubali. Ila kwetu huchomwa MR, surua na rubela tu. Huku wanataka MMR, yenye matumbwitumbwi. Huenda akachomwa mbili, zikipishana angalau siku 28. Mwenye kinga tayari hadhuriki akirudia.

Halafu angalia tarehe! 03/07 ya kwetu ni tatu Julai. Nesi wa huku ataisoma Machi 7. Andika mwezi kwa herufi, na umwombe aingize chanjo zote kwenye mfumo wa jimbo wa kumbukumbu za chanjo.

Bibi usimpuuze. Hapo hapo Minnesota, jimbo lenu, kwa hofu isiyo na msingi kwamba chanjo huleta usonji (autism), watoto wa Kisomali waliochanjwa MMR walishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ikaingia: wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali. Siwalaumu wale kina mama. Waliuliza swali la kweli, wapinga chanjo wakawahi kuwajibu.

——

Asante sana kaka. Bibi kapoa kidogo, sasa anauliza: na BCG, ile chanjo ya kifua kikuu (TB) je, nayo watarudia?

——

Hapana, huku watoto hawachomwi hiyo kwa kawaida. Ila wakitaka kumpima TB, omba kipimo cha damu. Kile cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, mkaanza kuzungushwa kwenye eksirei bure.