Mjadala: Je, mfuko wa saruji wa kilo 50 ndio uamue nani awe fundi wa nyumba?

Hoja iliyo mezani
Mwanamke akiomba kazi ya uashi kwenye ujenzi wa nyumba, jibu la kwanza huwa kwamba hataweza kubeba. Je, uzito ni sababu halali ya kumnyima mwiko wa kujengea na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta usimame wima? Tujibizane kwa kazi yenyewe.

Msimamizi wa saiti
Uzito si kisingizio. Tofali la saruji la inchi 6 lisilo na matundu, sentimita 45 kwa 22.5, lina karibu kilo 30. Matofali 100 ni tani 3. Siku ya kumwaga zege la slabu, yaani bamba la sakafu au paa, ndiyo mbaya zaidi, maana saruji haimsubiri mtu, na jua kali huifanya ishike upesi. Timu ikiishiwa nguvu katikati, zege jipya halishikani na lililotangulia, na pale kwenye mshono maji yatapita. Mwenye nyumba analipia slabu isiyovuja.

Mwashi
Ndugu msimamizi, hesabu yako ni sahihi ila inakusuta. Tazama nani anabeba. India, kwa mfano, wanawake wamejaa saitini miaka yote: mchanga, maji, matofali na zege vinapanda vichwani mwao. Wamepewa kazi nzito yenye malipo ya chini, halafu mwiko, timazi na pima maji (kipimo cha usawa chenye kipovu), vitu vya kilo chache, vikaitwa vya wanaume. Kama nguvu ndiyo kipimo, mpangilio huu ni kichwa chini miguu juu.

Na kilo 50 si sheria ya maumbile. Uingereza saruji huuzwa kwa mifuko ya kilo 25, na anayefaidika ni kila mwenye mgongo. Penye mfuko mkubwa, ufungue pale uliposhushwa, ugawe kwa ndoo. Mfuko mmoja ni kama lita 35. Kwa zege la 1:2:4, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, unahitaji mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Tumia ndoo ya lita 10, ambayo ikijaa saruji ni kilo 14 hivi. Ile ya lita 20 ikijaa mchanga wenye unyevu hupita kilo 30, na ndiyo inayoumiza watu. Toroli la zege lijazwe nusu, mzigo ukae juu ya gurudumu, usielemee mikono. Matofali yapangwe jukwaani usawa wa mapaja. Kuinama hadi ardhini kila mara kunachosha kuliko tofali lenyewe.

Fundi zege
Mshono wa slabu hutokana na mpango mbovu: mashine moja ya kuchanganyia, kokoto ziko mbali, watu wachache. Hapo ukiweka wanaume pekee, mshono utaupata vilevile. Kosa linaloua zege zaidi ni maji. Mfuko wa kilo 50 unataka kama lita 25, pamoja na yaliyomo tayari kwenye mchanga. Watu wakichoka wanaongeza lita 5 ili koleo lipite kirahisi, na nguvu ya zege inashuka kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo nampa udhibiti wa maji yule anayepima bila kuona haya kukataa, awe nani.

Fundi taili
Naunga mkono wanawake saitini, ila siafiki wanaosema basi wapewe taili na rangi kwa kuwa mikono yao ni laini. Boksi la taili nene za 60 kwa 60, vipande vinne, ni karibu kilo 30. Rangi nayo ina hatari yake. Ukikwangua kavu rangi ya zamani yenye madini ya risasi, vumbi huingia mwilini na, kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Lowanisha kwanza, vaa barakoa ya vumbi laini, usifagie pakavu. Kazi inayoitwa nyepesi ndiyo inayoachwa bila kinga.

Mfua nondo
Choo hakijatajwa. Kisipokuwepo chenye komeo la ndani na maji, wanawake hujizuia kunywa maji kutwa nzima juani. Glovu pia: ikizidi mkono karibu na mashine ya kukatia, hunaswa na diski.

Msimamizi wa saiti
Ndoo na jukwaa nakubali. Hata hivyo timu ya nyumba ndogo ni watu watano. Kila mmoja anatakiwa kufanya yote, na siku ya slabu bado naona tatizo. Tena nitajuaje kwamba huyu ni fundi na si kibarua aliyezoea kuchanganya tu?

Mwashi
Siku ya slabu kodi mashine ya pili, kwa timu yoyote. Kuhusu ufundi, mpe kila mwombaji kipimo kimoja: ukuta wa mita 1 kwa 1. Kagua kwa timazi na pima maji, viungo viwe milimita 10, kisha pima mishazari yote miwili, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kila mmoja usome sentimita 141.4. Mwanafunzi wa kike huachwa ajaze katikati ya ukuta huku kamba imeshavutwa na wengine. Hapo hajifunzi kitu, kwa sababu ukuta huamuliwa kwenye kona. Mpe kona tangu wiki za mwanzo, na umwache aibomoe mwenyewe ikipinda.