Tupeane uzoefu: kufuatilia bei na upatikanaji wa dawa muhimu, Unguja na Pemba

Mpemba wa Wete
Assalaam aleikum. Wanaopita madukani na vituoni kuandika bei, tupeane. Naanza: andika bei ya kidonge, si ya boksi. Metformini (dawa ya kisukari) ya miligramu 500 huku inauzwa boksi la 100, kule stripu ya 10. Ukishapata bei ya kidonge zidisha kwa dozi ya mwezi. Anayekunywa mara 2 kwa siku anahitaji 60. Kisha gawanya kwa mshahara wa siku wa mtumishi wa serikali wa kima cha chini, ujue mgonjwa anatoa siku ngapi za kazi.

Darajani
Waalaykum salaam. Nguvu na umbo visichanganywe: amlodipini (dawa ya presha) ya miligramu 5 na ya 10 ni mistari miwili. Dawa ya kampuni iliyoigundua iwe na safu yake, na ile rahisi kuliko zote yake. Tumia bei ya katikati (inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa), si wastani, maana duka moja la karibu na mahoteli ya Nungwi linapandisha hesabu ya wote. Ukipata bei chini ya 4 za dawa moja, usitoe bei ya katikati.

Bi Leja
Kwenye upatikanaji, neno "ipo" halihesabiwi. Omba uone, soma tarehe ya kuisha. Zinki ya miligramu 20 kwa mtoto anayeharisha aliyetimiza miezi 6 hutolewa kidonge kimoja kwa siku, kwa siku zisizopungua 10, kwa hiyo kituo chenye vidonge 6 hakina dozi hata ya mtoto mmoja. Insulini ikae nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda andika haipo.

Kubwa zaidi ni kadi ya stoo, inayoandikwa dawa zilizoingia na zilizotoka, na hapa wengi wanaumiza vituo bila kujua. Vidonge 900 vimetoka ndani ya siku 90, lakini siku 30 rafu ilikuwa tupu. Ukigawa kwa 3 unapata 300 kwa mwezi. Sivyo! Dawa ilikuwepo miezi 2, matumizi ni 450. Ukiagiza kwa 300, itaisha mapema tena, na robo ijayo tarakimu inashuka zaidi.

Mpemba wa Wete
Ahsante Bi Leja. Kwa Pemba ongezeni tarehe ya mzigo wa mwisho kushuka. Ukikagua siku mbili baada ya mzigo, kila rafu imejaa.

Darajani
Na rudini maduka yale yale kila robo, la sivyo hamtajua kama bei imepanda au mmebadilisha duka.