Madirisha ya kahawa Marekani: yazuiwe au yaachwe?

Mtembea_Minneapolis
Wadau, huku kwetu Minneapolis tangu 2019 jiji limekataza kujenga madirisha mapya ya kuhudumia watu wakiwa garini. Ya zamani yamebaki. Mimi naunga mkono, na miji mingine ifuate. Kila asubuhi foleni ya kahawa inamwagikia barabarani, injini zinanguruma, mama mwenye kigari cha mtoto hana pa kupita. Kahawa hunywewa na watu. Kuinywa peke yako garini ni uvivu tu.

Shifti_ya_Usiku
Uvivu? Natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nimegeuza wazee vitandani usiku kucha, mtoto kalala kiti cha nyuma. Nimwamshe, nimfungue mikanda, nimtoe kwenye theluji ili wewe uridhike? Njoo umbebe.

Mdila
Dada kasema. Halafu vibanda hivi vya kahawa ya dirishani asili yake ni watu wadogo. Seattle miaka ya 80 espreso iliuzwa kwenye mikokoteni barabarani. Kampuni ya kahawa ya Dutch Bros ni ndugu wawili wafuga ng'ombe wa maziwa, Grants Pass, Oregon, 1992, mkokoteni mmoja. Starbucks ilianza 1971 kwa kuuza buni, dirisha la magari ikaja kulifungua 1994. Ukikataza dirisha unamfungia mlango asiye na mtaji wa mgahawa.

Babu_Kashata
Mdogo gani? Hao Dutch Bros wako soko la hisa la New York tangu 2021. Na yule bibi aliyejimwagia kahawa ya McDonald's huku anaendesha, akaondoka na mamilioni? Nchi hiyo bwana! Ningejimwagia ndoo.

Shifti_ya_Usiku
Babu shikamoo, ila hapo umenichoma. Hakuwa anaendesha! Albuquerque, 1992, bibi wa miaka 79, kiti cha abiria. Dereva ni mjukuu, na gari limesimama. Kaweka kikombe katikati ya magoti afungue kifuniko. Aliungua mpaka akapandikizwa ngozi. Mimi nafunga vidonda vya watu, usinichekeshe kwa hilo.

Babu_Kashata
Marahaba. Pole yake. Lakini mamilioni alipata, hakupata?

Mdila
Jopo la raia mahakamani lilitaja fidia ya karibu dola milioni 2.9, jaji akashusha hadi 640,000, mwisho wakapatana kimyakimya. Mwanzo bibi aliomba 20,000 tu, kampuni ikamtajia 800. Kahawa yao ilikuwa nyuzi 82 mpaka 88.

Babu_Kashata
Sasa kahawa iwe nyuzi ngapi, thelathini? Muuza kahawa wa Unguja dele lake liko juu ya makaa na hajashtakiwa na mtu.

Mdila
Babu, kikombe cha Unguja hata kiganja hakijazi, hakina kifuniko, na hakuna anayekiweka mapajani.

Babu_Kashata
Kwa sababu wamekaa barazani, hawako kwenye gari!

Mtembea_Minneapolis
Asante Babu! Ndicho nilichosema.

Shifti_ya_Usiku
Hukusema hivyo, ulisema uvivu. Na bado nakungoja uje umbebe mtoto. Ana kilo kumi na nne.

Mtembea_Minneapolis
Haya, neno lile nalirudisha, dada. Lakini foleni je? Mbona hakuna anayejibu foleni?

Babu_Kashata
Foleni isubiri kwanza. Mdila, hizo nyuzi 82 ni kwa kipimo chetu au chao?