Programu ya SACCOS inaganda siku ya mshahara: nipimeje mzigo?

Habari zenu wakuu. Natunza mfumo wa SACCOS yetu, wavuti na programu ya simu. Siku za kawaida unakimbia vizuri. Mshahara ukiingia, wanachama wote wanafungua salio kwa pamoja na ukurasa unazunguka tu. Mama mmoja alinifuata ofisini, simu mkononi, akidhani hela zake zimepotea. Iliniuma sana. Nikajaribu JMeter, programu ya kupima mzigo kwa kuiga watumiaji wengi, nikaweka watumiaji 500 kwenye laptopu yangu. Laptopu ikaganda kabla ya seva. Nakosea wapi?

Jibu: Mkuu, dirisha la JMeter ni la kuandalia jaribio tu. Mzigo wenyewe uendeshe kwa mstari wa amri, `jmeter -n`, kutoka mashine nyingine. Halafu achana na wastani wa muda wa kusubiri, unamficha huyo mama. Tazama asilimia ya 95: ikisoma sekunde 8, maana yake maombi 5 kati ya 100 yamesubiri sekunde 8 au zaidi.

Jibu: Hifadhidata ni ipi? PostgreSQL usipoigusa inakubali miunganisho 100 tu.

Muuliza: Ndiyo hiyo, na sijawahi kuigusa!

Jibu: Usikimbilie kuongeza namba. Kila muunganisho ni mchakato wake na unakula RAM. Weka PgBouncer mbele, ni programu inayopitisha maombi mengi kwenye miunganisho michache ya hifadhidata. Na tafadhali, pima kwenye nakala ya mfumo, si kwenye hela za watu.

Muuliza: Nimepima usiku kwenye nakala. Bila PgBouncer, miunganisho ilijaa na maombi yakaanza kukataliwa. Nayo ikiwepo, watu 500 wamepita. Kesho naipandisha, mshahara unaingia Ijumaa. Asanteni mno.